Sanamu Niliyoiunga

Kosa langu la mwanzo, wakati ule hata vifungo vya shati nilikuwa bado navifunga kwa kuruka kimoja, lilikuwa kudhani kwamba kila kilichovunjika kinataka kuungwa. Nalitaja mapema kwa sababu najijua. Nisipolisema hapa juu nitazunguka, nitaeleza mvua na miti, na mwisho nitauchana ukurasa kama nilivyochana mingine kabla ya huu. Mimi ni mtu wa kuchana. Herufi moja ikiinama kuliko nyingine, usingizi unanipaa. Kazi yangu ni kuandika mabango ya maduka hapa Korogwe, na sikufundishwa na mtu. Nilijifunza kwa kusimama mbele ya mabango ya wengine mpaka wenye maduka wakaanza kunishuku. Kuandika habari kama hii nako najifundisha mwenyewe, kwa hiyo mnivumilie.

Kilichonirudisha huko nyuma ni harufu. Wiki iliyopita fundi wa majiko alimwaga lundo la udongo wa mfinyanzi mbele ya kibanda changu. Ulikuwa mkavu, umepasukapasuka. Alasiri yakaanguka manyunyu, na harufu ikapanda, ile ya chungu kipya kinapotiwa maji kwa mara ya kwanza. Nilikuwa nimeshika brashi, nimefika katikati ya neno DUKA, nikashindwa kuendelea. Nilikuwa nimeviona vidole vya Shangazi Mwantumu.

Shangazi Mwantumu alikuwa dada mkubwa wa baba. Aliishi nasi upande wa Kang'ata, katika makazi yetu ya zamani. Baba alikuwa kibarua kwenye mitambo ya umeme kule Hale na alirudi mara chache, hivyo nyumba yetu ilikuwa ya wanawake: mama, Shangazi, na dada yangu Hadija aliyenizidi miaka michache. Shangazi alifinyanga vyungu na mitungi. Kidole gumba chake cha kulia kiliwahi kupondwa na mchi, ukucha ukaota umegawanyika katikati, na kila alichokifinyanga kilibaki na alama ya ukucha ule, mstari mwembamba kama njia ya sisimizi. Mtungi wake ningeutambua gulioni hata ukiwa umefunikwa nusu.

Udongo ukibaki alinifinyangia ng'ombe. Mimi sikusema ahsante, nilikagua.

"Pembe hii fupi, Shangazi," nilimwambia siku moja.

"Wewe mbwanga," akasema, akiniita kijana kwa Kizigua kama alivyozoea, "ng'ombe gani umemwona ana pembe zilizopimwa kwa rula?"

"Wa kina Koinet," nikasema, nikiwataja wafugaji jirani zetu.

"Basi nenda kwa kina Koinet wakufinyangie." Akaichomoa ile pembe akaweka nyingine, makusudi fupi zaidi. Hadija alicheka mpaka uji ukampalia. Mimi nilinuna. Baadaye nikakaa nyuma ya nyumba nikiichonga pembe ya upande wa pili kwa mwiba ili zilingane, nikachonga, nikachonga, mpaka ikakatika.

Kisha likaja agizo la kuhamia kijijini. Mliokua wakati ule mtakumbuka: lori, vumbi, kuku waliofungwa miguu, wazee waliokaa juu ya vitanda vyao vya kamba wakitazama nyuma. Mapaa yalishushwa ili mtu asijaribu kurudi. Wakubwa walikuwa na huzuni ambayo sikuielewa, kwa sababu mimi nilifurahi. Kijiji kipya kilipimwa kwa kamba. Nyumba zilisimama kwa mistari minyoofu kama mistari ya daftari, na mtoto aliyekuwa akichana picha zake kwa sababu mstari umepinda alijiona amefika peponi.

"Kumenyooka, Shangazi! Tazama!"

"Nimeona," akasema. Alikuwa ameupakata mtungi wake mkubwa kama mtoto mgonjwa. "Tumepangwa kama watu wanaongoja kuchanjwa."

Makazi yetu yakawa mahame. Kuta zilibaki bila mapaa, majani yakaota katika majiko ya watu. Huko ndiko nilikoanza kukusanya. Nikitumwa kuni nilipita nyumba hadi nyumba nikiokota vilivyoachwa: kigae chenye michoro ya mistari, kitasa kisicho na mlango, kiko cha mzee aliyekufa kabla sijazaliwa. Vyote niliviweka katika sanduku la chai ambalo baba alikuja nalo kutoka Hale, lile la mbao nyembamba ambalo ndani limebandikwa karatasi ya bati inayong'aa. Ukifunua kifuniko, mwanga uligonga ile karatasi, na vitu vikaonekana kama viko chini ya maji. Mlikuwemo kikombe cha kioo cha kijani, vile vinavyofungwa juu ya nguzo za umeme, zawadi ya baba. Mlikuwemo picha ya mlima wenye theluji, ambayo mama alipewa na mwanamke wa Lutindi aliyesomea misheni. Mlikuwemo jiwe jekundu la mtoni lililowaka ukilielekeza juani, na pambo la shanga la sikioni alilonipa Koinet, mtoto wa wafugaji waliokuwa wakinywesha ng'ombe wao kwenye bwawa la mahameni.

Kila siku nilivitoa, nikavifuta, nikavipanga upya. Nilivitazama mpaka nikasahau kwamba nina njaa. Nilikuwa mtoto mwenye hofu nyingi: nilimwogopa mwalimu, niliogopa shimo la choo, niliogopa kwamba safari moja baba hatarudi. Ndani ya lile sanduku hakuna kilichosogea mpaka mimi nikisogeze. Na hakuna chenye ufa kilichokaa mle. Chenye ufa nilikiunga, au nilikitupa.

Koinet aliniona kituko. Alikuwa mrefu, anasimama kwa mguu mmoja, fimbo begani.

"Nyinyi Wazigua mmehamishwa mkalia," akasema, "halafu wewe unarudi kuokota takataka."

"Si takataka. Ni vitu vya thamani."

"Siku ukitaka mavi ya ng'ombe niambie. Tunayo mengi, na hayana ufa."

Mwaka uleule Hadija alivunja ungo, akawekwa ndani. Shangazi ndiye aliyekuwa kungwi, tena mkubwa wa makungwi wa upande wetu. Wasichana wote walifundwa na yeye kabla ya kuchezewa ngoma na kutolewa nje. Mimi nilijua kiasi hicho tu. Mengine yalikuwa ya wanawake na mvulana hakuuliza. Niliona kwamba Shangazi na wenzake walirudi mahameni kuchimba udongo, akisema wa kijijini una mchanga. Niliona pia kwamba kwenye pembe ya chumba chake, chini ya kitambaa kibichi, kulikuwa na vitu ambavyo havikuwa vyungu. Niliposogea alinifukuza kwa mwiko. Hakuwahi kunifukuza kabla.

Siku Hadija alipotolewa, amepakwa mafuta, anang'aa, macho ameyainamisha chini, kijiji kizima kilicheza. Kesho yake nilikwenda mahameni kutafuta kuni. Ukingoni mwa bwawa, penye maji ya kufika kwenye kifundo cha mguu, nikakuta vipande.

Sitaeleza kilikuwa kitu gani. Nikiwa mtoto nilidhani ni kobe. Sikuwa sahihi, na sasa ninapojua, si changu kusema. Niseme tu kwamba kilikuwa kizuri kuliko vyote vilivyokuwa sandukuni mwangu. Kilikuwa na madoa meupe na mekundu, yamewekwa na mkono usio na haraka, na kwenye kipande kimoja niliiona ile njia ya sisimizi: ukucha wa Shangazi.

Nilikaa kwenye matope. Nilielewa papo hapo, au nilidhani nimeelewa. Shangazi alikuwa amekivunja kwa sababu hakikumridhisha. Alikuwa kama mimi! Siku zote akinicheka kwa pembe za ng'ombe, kumbe naye alikuwa akiharibu vyake kwa siri, kama nilivyochana picha zangu nyuma ya nyumba. Nilimwonea huruma ambayo sikuwahi kumwonea mtu yeyote. Labda aliona doa moja limekaa vibaya. Labda alilia. Nikaanza kuokota vipande nikivitia ndani ya shati.

"Acha hivyo." Koinet alikuwa nyuma yangu, na safari hii hakucheka.

"Kwa nini?"

"Vya wanawake. Siku wakiimba hapa, mama hutukataza kuleta ng'ombe."

"Vimeshatupwa."

"Mtu akitupa takataka anatupa popote. Hawa walikuja na ngoma."

"Wewe unajua ng'ombe tu."

"Najua ng'ombe, na najua kiboko," akasema. Akapiga mluzi, ng'ombe wakageuka. "Mimi sijakuona."

Kuunga kulinila sehemu kubwa ya kiangazi. Nilikusanya utomvu wa mgunga, nikauloweka katika maji ya moto mpaka ukawa gundi. Hakuna aliyenionyesha; nilijifunza kwa kuharibu. Vipande vilivyokaa upande nilivilowesha vikaachana, nikaanza tena. Kimoja hakikuonekana kabisa, nikafinyanga kingine kwa udongo wa shimo walilochimba wanawake mahameni, nikakikausha, nikakisugua mpaka kikaingia mahali pake kama jino. Nyufa nilizijaza kwa vumbi la udongo lililochanganywa na gundi, nikalainisha kwa jani la msasa hadi kidole kikipita hakihisi kitu. Mwisho nikayapaka upya madoa yaliyokuwa juu ya viungo, meupe kwa chokaa na mekundu kwa udongo wa njiani. Nilipomaliza, hata mimi sikuweza kuona palipokuwa pamevunjika. Mpaka leo sijafanya kazi nzuri kuliko ile. Nimeandika mabango mengi, yamesifiwa, lakini hakuna lililoifikia. Hilo ndilo linaloniuma.

Shule yetu ilikuwa mpya kama kijiji chenyewe. Mwalimu wetu alikuwa kijana mchangamfu kutoka mkoa wa mbali. Hakujua Kizigua wala mambo yetu, na aliamini kwa moyo wake wote kwamba uhuru hautakamilika mpaka watu wajivunie vya kwao. Ilipotangazwa kwamba mgeni kutoka wilayani atakuja kufungua darasa jipya, alituambia tulete vitu vya asili tuvipange mezani.

"Sitaki kikombe cha dukani," akasema. "Nataka alichotengeneza bibi yako kwa mikono yake."

Wenzangu walileta nyungo, mikeka, pinde, jiwe la kusagia lililobebwa na watoto wanne wakitukanana njia nzima. Mimi nilikwenda na sanduku la chai. Nilitandika khanga ya mama juu ya meza, nikapanga jiwe jekundu, kikombe cha kijani, kigae, shanga, na katikati nikaiweka ile sanamu. Mwalimu alipoiona alishika kiuno.

"Nani kafanya hii?"

"Shangazi yangu, mwalimu."

"Shangazi yako ni fundi wa taifa zima!"

Nilijaa kama mkate. Nilikuwa nimepanga yote kichwani. Watu wataisifu, Shangazi atasikia, atajua kwamba hakukosea, na hatavunja tena kitu.

Siku yenyewe wanaume walimfuata mgeni kutoka meza hadi meza. Wanawake walikaa upande wa pili, kwenye kivuli cha darasa, wakipiga vigelegele. Mgeni alipokaribia meza yangu nilikuwa nikitazama jambo moja tu, kama doa la kushoto liko sawa na la kulia. Kwa hiyo sikuona jinsi kimya kilivyoanza. Nilikisikia. Vigelegele vilikatika kama mtu aliyefungiwa mlango. Mzee mmoja akageuza uso, akatazama vilima. Mwingine akakohoa, akaondoka.

"Hii nzuri sana," akasema mgeni, akaiinua kwa mikono miwili. "Ni nini hii, kijana?"

"Ni sanaa, ndugu mgeni," nikajibu kama tulivyofundishwa.

Akacheka. "Kaitengeneza nani?"

"Shangazi yangu, Mwantumu." Nikavuta pumzi nieleze kila kitu, jinsi alivyoivunja na jinsi nilivyoiunga.

Sikuwahi. Shangazi alikuwa ameshatoka kivulini, anavuka uwanja peke yake mbele ya watu wote, khanga mabegani, uso umetulia kama maji ya mtungini. Alipofika alinishika bega. Vidole vyake viliingia nyamani, nikanyamaza.

"Shikamoo, mama," akasema mgeni.

"Marahaba, mwanangu."

"Hii ni kazi ya mikono yako?"

"Yangu."

"Ni kitu gani?"

"Mdoli tu, baba." Alisema kwa sauti ya kufika mpaka kivulini. "Udongo ulibaki, nikamfinyangia huyu acheze. Hauna maana yoyote."

Kule kwa wanawake mmoja alisema, "Aa!" kama aliyekanyaga moto.

"Mama, usiudharau ufundi wako," mgeni akasema kwa upole. Nadhani alikuwa mtu mwema. "Ukiniruhusu nitakwenda nayo wilayani, tuiweke ofisini watu waione."

Shangazi aliitazama ile sanamu.

"Chukua, mwanangu," akasema.

Wakaifunga kwa gazeti, wakaiweka kiti cha mbele cha Landrova, na gari likaondoka nayo.

Ningependa kuandika kwamba hapo nilishtuka na kujutia. Sivyo ilivyokuwa. Nilikasirika. Kiangazi kizima nimeinama juu ya kazi yake, na yeye ameiita mdoli, mbele ya mgeni, mbele ya shule! Niliamini ameionea aibu. Jioni ile aliketi kizingitini, mikono magotini, hafanyi kitu.

"Umeiita mdoli," nikamwambia.

"Ndiyo."

"Ilikuwa nzuri."

"Ndiyo," akasema tena. Akanigeukia. "Umeiunga vizuri mno."

Nilidhani ananisifu. Nikaingia ndani bila kumjibu, ili ajue kwamba sijamsamehe.

Baada ya hapo mambo yalibadilika polepole, na mimi niliyaona yote bila kuyaelewa. Wanawake waliokuwa wakija kukaa na Shangazi hawakuja. Binti wa jirani alipovunja ungo alipelekwa kwa kungwi mwingine, nyumba ya tatu kutoka kwetu, na Shangazi alisikiliza ngoma akiwa amekaa jikoni. Hakurudi mahameni kuchimba udongo. Mama alinunua sufuria za bati, mitungi ikapasuka mmoja baada ya mwingine, na hakuna mipya iliyokuja. Nilipomwomba ng'ombe alisema mikono inauma. Nami nilijiambia: anavuna alichopanda, mtu anayedharau kazi yake mwenyewe. Nilikuwa mtoto, lakini si mdogo kiasi cha kutoweza kumwuliza swali moja.

Nilikua, nikaja Korogwe, nikaanza mabango. Niliendelea kukusanya, chumba changu kilijaa vinyago, chupa za zamani, picha za kukata magazetini. Nilikwenda nyumbani mara chache kama baba. Safari moja nilimkuta Shangazi macho yake yamefifia, ananitambua kwa sauti.

"Ni wewe mbwanga? Bado unakusanya?"

"Nakusanya," nikasema. "Vitu vya watu wanaovithamini."

Alicheka kidogo. "Basi vizuri," akasema, akanyoosha mkono hewani, akautafuta uso wangu, akaupapasa kwa kile kidole gumba chenye ukucha uliogawanyika. Nilimwacha anipapase, nikitazama mlango. Hiyo ndiyo mara ya mwisho tuliyoongea.

Alipokufa nilifika siku ya pili, ameshazikwa. Nilimkuta Hadija nyuma ya nyumba akiosha masufuria ya msibani, mama wa watoto watatu sasa, mikono imejaa majivu. Nikakaa naye. Nikamwambia, kwa ujinga wangu, kwamba inasikitisha kuona fundi kama yule alivyoacha kazi kwa sababu ya aibu tu.

Hadija aliacha kusugua.

"Aibu gani?"

"Si unakumbuka? Alivyoiita mdoli."

"Yaani hujui?" akasema. "Miaka yote hii hujui?"

Akaniambia. Vitu vile hufinyangwa kwa ajili ya mwali mmoja, vikafundishiwa, vikaimbiwa, kisha lazima vivunjwe na kuachwa majini. Kuvunja ndiko kunakofunga kazi. Jioni ya siku ile ya mgeni makungwi wenzake walimwita Shangazi, wakamwuliza kwa nini kitu cha mwali hakikuvunjwa. Naye akajibu kwamba alisahau.

"Hakusahau," nikasema. "Mimi nilivikuta vipande."

"Najua hakusahau! Nilikuwapo, kilikuwa changu, nilikisikia kikipasuka. Nikawaambia hivyo, na mimi mwali wa juzi tu. Wakanijibu, mtoto wewe, kitu kile sote tumekiona pale mezani, kizima kama yai. Ufa uko wapi?"

Niliitazama mikono yangu.

"Angesema neno moja tu, kwamba wewe ndiye uliyeunga," Hadija aliendelea. "Lakini mvulana aliyeshika vitu vya mwali, unajua wangemfanya nini? Ungechapwa mbele ya wazee, ungetungiwa jina, na jina lile lingekufuata mpaka huko Korogwe. Ndiyo maana akasema mdoli. Mtoto hapigwi kwa mdoli wake. Akaona bora asemwe yeye. Kungwi aliyesahau kuvunja si kungwi tena, kwisha."

"Kwa nini hakuniambia mimi?"

"Ulikuwa umemnunia," akasema Hadija, akarudi kwenye masufuria yake.

Ufa uko wapi. Nalifikiria neno hilo kila ninapolainisha ubao. Laiti ningeunga vibaya. Laiti ningeacha kiungo kimoja kimekaa upande, doa moja limevuka mstari, mwanamke mmoja tu angeona, angesema, hapa palivunjwa, Mwantumu alifanya kazi yake. Lakini nilifuta kila alama. Nilifanya kazi yangu vizuri mpaka nikaifuta na yake.

Baada ya arobaini nilikwenda Handeni kuitafuta. Nilizunguka ofisi baada ya ofisi nikieleza kitu ambacho sikutaka kukieleza. Mwishowe mtunza stoo mmoja, mzee mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, akasema anakumbuka kitu cha udongo kilichowahi kukaa juu ya kabati la mafaili.

"Jengo lilipopakwa rangi tulitoa vitu nje," akasema. "Vingine vilirudi, vingine havikurudi."

"Kilivunjika?"

"Sijui, ndugu yangu. Ulitaka kukiweka wapi?"

Sikutaka kukiweka popote. Nilitaka kumpa Hadija kikiwa kimefungwa ndani ya kitambaa, bila mimi kukitazama, na yeye na wenzake waende nacho bwawani. Pengine kimeanguka, kimefagiliwa pamoja na vumbi la ofisi. Pengine kiko kwenye kabati la mtu, kizima, ukucha wa Shangazi upande mmoja na kidole changu upande mwingine. Katika vyote nilivyowahi kuunga, hicho ndicho pekee ninachoomba kiwe kimevunjika.

Sikusanyi tena. Kikombe cha kijani nilimpa mtoto wa jirani, na sanduku la chai lipo kwa Hadija, anahifadhia mbegu za mahindi. Kitu kikivunjika nyumbani kwangu sikigusi mpaka nimemwuliza aliyekivunja. Na katika ukurasa huu kuna neno nililolikosea nikalikata kwa mstari. Mstari unaonekana, nami ukurasa sikuuchana.